Usome ukuta kabla hujafyatua maji: kwa wanaoanza kazi ya kuosha majengo kwa mashine ya presha

Karibu kila kijana anayekuja chuoni kwetu kuuliza habari za kuosha nyumba, mapaa na pevingi huanza na swali moja: ninunue mashine ya bar ngapi? Ni nadra mtu kuuliza inatoa lita ngapi kwa dakika, na nadra zaidi kuuliza ni ukuta gani usioguswa kabisa. Mimi ni mkufunzi wa usalama kazini na umaliziaji wa majengo katika chuo cha ufundi stadi hapa Dar es Salaam. Naandika kwa sababu kila mwaka, masika yakiisha, napigiwa simu na watu walioanza kazi hii kwa mtaji wa kukopa, wakajikuta wanalipia lipu ya mtu kabla hawajarudisha hata bei ya mpira wa maji.

Tuanze na hilo la bar, maana limewapoteza wengi. Bar ni kipimo cha nguvu ya maji yanapogonga. Lita kwa dakika ni kiasi cha maji yanayobeba uchafu na kuuondoa. Mashine ndogo za umeme nyingi hutoa bar 100 hadi 130 na lita 6 hadi 8 kwa dakika. Za petroli hufika bar 150 hadi 250, na lita 10 hadi 15. Ukiona boksi limeandikwa 3,000 psi, kipimo kingine cha presha, usitishike, bar moja ni karibu psi 14.5, kwa hiyo hiyo ni kama bar 207. Ukiwa na mashine mbili mbele yako na fedha inatosha moja, chukua yenye lita nyingi. Presha kubwa unaweza kuipunguza kwa kubadili nozo, ile ncha ya kutolea maji, au kurudi nyuma hatua moja, lakini lita ambazo pampu haina huwezi kuziongeza.

Nozo zenyewe zina rangi, na kila rangi ina pembe yake ya kutawanya maji. Nyekundu ni nyuzi 0, maji yanatoka kama sindano. Njano ni 15, kijani 25, nyeupe 40, na nyeusi ni ya kupulizia sabuni kwa presha ndogo. Kwenye nyumba za watu, nyeupe ndiyo ya kuanzia na mara nyingi ndiyo ya kumalizia. Nyekundu mimi huwaambia wanafunzi waiache nyumbani. Na tundu la nozo likishalika kwa mchanga linapanuka na presha inashuka. Kabla hujampelekea fundi pampu, badilisha nozo kwanza.

Sasa ukuta. Hapa ndipo kazi yote ilipo.

Mwaka juzi kijana niliyemfundisha alinipigia saa nne asubuhi. "Shikamoo mwalimu. Nimeharibu." Marahaba, umeharibu nini? Alikuwa Bagamoyo, kwenye nyumba ya zamani iliyopakwa rangi nyeupe, ukiitazama kwa mbali utadhani ni saruji. Aliweka nozo ya njano na kusogea karibu, kiganja kimoja tu kutoka ukutani. Rangi ilitoka, akafurahi. Kisha lipu ikaanza kumwagika kama unga, na nyuma yake yakaonekana mawe ya matumbawe. Nikamuuliza, uliukwaruza kabla? Akanyamaza.

Nyumba za zamani za pwani yetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Chokaa ni laini, na ulaini huo una kazi: ukuta hupitisha unyevu, unaloa na kukauka bila kupasuka. Ukiupiga kwa presha unafanya madhara mawili. La kwanza unaliona papo hapo, lipu inalika. La pili huja baadaye. Maji uliyoyasukuma ndani yanayeyusha chumvi iliyomo ukutani, na yanapotoka kukauka huileta juu. Chumvi hiyo huganda kuwa chembe zinazovimba na kubandua chokaa kutoka ndani. Mwenye nyumba atakuja kukulaumu wakati wewe umeshasahau hata njia ya kwake. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Katika miji hiyo usithubutu kugusa ukuta wa nje bila ruhusa ya mamlaka inayosimamia hifadhi, hata kama mwenye nyumba amekulipa. Na hata nyumba isiyo kwenye hifadhi yoyote, ikiwa ni ya chokaa, dawa yake ni brashi laini, maji kidogo na subira.

Kwa hiyo kabla ya kuunganisha mpira, zunguka nyumba kwa dakika kumi na tano. Tafuta pembe iliyojificha, ukwaruze kwa msumari. Saruji itakataa, chokaa itatoa unga. Pitisha kiganja kwenye rangi. Kikitoka cheupe, rangi imechoka na itaondoka na maji, na hilo mwambie mteja mapema. Gonga kwa vifundo vya vidole. Penye mlio wa debe tupu, lipu imeachana na tofali, usipapige. Tazama nyufa, maana maji yatapita humo na kutokea sebuleni. Tazama iliko mita ya LUKU, waya wa TANESCO unaoingia kwenye fashabodi, soketi za nje na taa za getini. Mashine ya kiyoyozi iliyo nje ina mapezi membamba ya alumini yanayopinda kwa maji tu, na nyavu za mbu zitachanika. Paneli za sola ni za brashi laini na maji ya kawaida.

Paa la asbesto usilioshe. Ni yale mabamba ya kijivu yenye mawimbi, mazito, yanayofanana na saruji, yaliyobaki kwenye shule na nyumba nyingi za zamani. Maji ya presha huvunja uso wake na kutoa nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo zikiingia mapafuni zinaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Zitaangukia nguo zako, utazibeba hadi kwa watoto wako. Hakuna bei inayostahili kazi hiyo. Mweleze mteja kwa upole na uondoke.

Kuna jambo moja la paa ambalo wengi hulisahau. Nyumba nyingi za mjini zinavuna maji ya mvua. Kabla ya kupuliza dawa yoyote juu, tenganisha bomba la gata linaloingia kwenye tangi, na usilirudishe mpaka paa limesuuzwa vizuri. Na maji yapigwe kutoka juu kwenda chini, kama mvua. Ukipiga kutoka chini, unayaingiza kwenye maungio ya bati na kesho silingibodi ina ramani.

Tukija kwenye uchafu wenyewe, michirizi myeusi na utando wa kijani upande usiopata jua ni viumbe hai, mwani na kuvu. Ukiparua kwa nguvu ya maji unanyoa tu, masalia yanabaki kwenye vitundu vya rangi na vuli ikifika yanachipua. Kwenye ukuta wa saruji uliopakwa rangi, njia inayodumu ni kuwaua kwanza, kusuuza baadaye. Dawa ya klorini ya dukani yenye asilimia 3.5, ukichanganya kopo moja na makopo mawili ya maji, inakuwa na nguvu ya asilimia 1 na kidogo, nayo inatosha kwa kuta nyingi. Loweka maua na majani kwa maji safi kwanza. Puliza dawa kuanzia chini kupanda juu ili isiache michirizi, iache dakika kumi hadi kumi na tano bila kukauka, kisha suuza kwa nozo nyeupe ukiwa umesimama mbali. Suuza na maua tena. Fanya asubuhi mapema, jua kali linaikausha dawa kabla haijafanya kazi.

Naomba hapa unisikilize vizuri. Klorini usiichanganye kamwe na asidi, iwe ya kutolea saruji kwenye marumaru, ya kusafishia choo au maji ya betri. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Wala usiichanganye na sabuni yenye amonia. Ndoo ya dawa moja isitumike kwa nyingine kabla ya kuoshwa, na ukutani pia usimwage asidi juu ya klorini ambayo haijasuuzwa.

Nikipita kwenye sehemu za kuoshea magari na kwenye nyumba zinazooshwa, ninachokiona mara nyingi ni vijana wamevaa ndala. Inaniuma. Maji ya presha yanaweza kupenya ngozi hata kwa bar 7, na mashine yako ndogo kabisa inatoa zaidi ya mara kumi ya hapo. Jeraha lake linadanganya, kitundu kidogo, damu tone moja, maumivu machache mwanzoni. Ndani, maji yamesukuma uchafu na dawa kati ya nyama na mishipa. Mtu hufunga kitambaa akaendelea na kazi, baada ya siku mkono umevimba, na wapo wanaopoteza kidole. Jeraha la namna hiyo ni la kwenda hospitali saa ileile, na umwambie daktari wazi kwamba ni maji ya presha na yalikuwa na dawa gani. Mabuti ya mpira, miwani ya kujikinga, glavu na suruali ndefu vinunuliwe pamoja na mashine, viingie kwenye hesabu ya mtaji.

Ngazi nayo usiipande ukiwa na bunduki ya maji mkononi. Ukifyatua, inakusukuma nyuma. Tumia fimbo ndefu ukiwa chini. Mashine ya umeme iunganishwe kwenye soketi yenye waya wa athi na kifaa kinachokata umeme chenyewe unapovuja, na maungio ya ekstensheni yasilale kwenye maji. Ya petroli usiiwashe ndani ya gereji iliyofungwa wala maegesho ya chini ya jengo, moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, na huua.

Sasa hesabu, maana biashara hii hufa kwa bei za kukisia. Wengi hutazama uwanja, hutazama gari la mteja, kisha hutaja bei. Badala yake omba kuosha mita 10 za mraba ukitazama saa. Tuseme zimechukua dakika 25 na uwanja mzima ni mita 120. Hiyo ni dakika 300, saa tano za maji kutoka. Mashine ya lita 9 kwa dakika itatumia lita 2,700, karibu simtanki tatu za lita 1,000. Maji hayo ni ya nani? Kama bomba la mteja linatoka mara mbili kwa wiki, kuna boza la kununua, na lazima liwe kwenye bei au kwenye makubaliano. Halafu weka petroli, dawa, nauli, msaidizi, na uchakavu. Mashine ya shilingi 1,500,000 ambayo unatarajia ikufanyie kazi saa 500 inakula shilingi 3,000 kila saa, hata kama huioni ikila. Kwa kazi hiyo ni 15,000, uziweke pembeni, zisichanganyike na za matumizi ya nyumbani. Kwenye pevingi, ongeza mchanga wa kurudishia kwenye viungo, kwa sababu utauondoa na vitofali vitaanza kucheza.

Maji ya kisima ya maeneo mengi ya Dar es Salaam yana chumvi. Yanakula vali za pampu, yanaacha madoa meupe kwenye vioo, na yanaongeza chumvi ukutani. Yakibidi kutumika, weka chujio mlangoni mwa pampu, malizia vioo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na mashine nayo isuuzwe kwa maji hayohayo kabla ya kulala. Pampu isizunguke bila maji hata dakika moja.

Maji machafu yenye vipande vya rangi na oili yasielekezwe mtaroni. Mitaro yetu mingi inaishia Mto Msimbazi na baharini. Ziba kwa mifuko ya mchanga, kusanya mabaki kwa fagio.

Kuhusu vibali nitasema kwa kifupi: jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, TIN, yaani namba ya mlipakodi, hutolewa bure na TRA, leseni ipo halmashauri. Ukishaajiri hata mtu mmoja, jisajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Nimeona vijana wenye leseni wakipata kazi za shule na majengo ya ofisi, ambazo wenzao wenye mashine nzuri zaidi hawawezi hata kuziomba.

Kabla ya kuanza, piga picha za kila upande, nyufa zote na rangi iliyobanduka, kisha andika kwenye karatasi moja mtakachoosha, ambacho hamtaosha, na nani anatoa maji. Mteja atie sahihi. Mama mwenye nyumba mwenye heshima zake hataudhika, ataona umekuja kikazi.

Mwisho wa kazi zima mashine, funga bomba, kisha bonyeza kifyatulio mpaka maji yakome. Presha iliyobaki kwenye mpira inaweza kumrukia mtoto anayeokota bunduki hiyo jioni. Na usidai fedha ya mwisho siku hiyo hiyo. Ukuta uliolowa huonekana msafi wote. Rudi kesho asubuhi ukiwa umekauka, uzunguke na mwenye nyumba, ukiwa na brashi na kopo la dawa mkononi kwa pale palipobaki.