Hati unayo, kibali je?

"Kiwanja changu, hati ninayo, kibali cha nini tena?" Kwenye maneno ya watu kuhusu kibali cha ujenzi, hii ndo inaongoza mtaani. Hati inasema ardhi ni ya nani na itumike kwa kazi gani, basi. Nyumba ikae wapi ndani ya kiwanja, uache nafasi gani kwa jirani, shimo la choo liwe upande upi, ghorofa ngapi, hayo yote yanaangaliwa na halmashauri kwenye michoro yako kabla hujachimba msingi. Ndo maana wanataka ramani iliyochorwa na mtu anayetambulika, kama ni ghorofa na michoro ya injinia juu yake, pamoja na hati yenyewe au barua ya toleo (ile ya kugawiwa kiwanja kabla hati haijatoka) na risiti za kodi ya ardhi.

"Mwenyekiti wa mtaa kashapiga muhuri." Sawa, lakini mwenyekiti hatoi kibali, kinatoka manispaa, jiji au mji, na ada yake unalipa kwa namba ya malipo ya serikali, sio kumshikisha mtu hela mkononi. Hapa watu wameliwa sana. Na yule fundi anayesema "we anza tu, nitaongea nao" ikija notisi ya kusimamisha ujenzi yeye yuko saiti nyingine, mwenye nyumba ni wewe.

"Nikishapaua hawabomoi, na umeme nishavuta." Waulize watu wa Kimara mpaka Kibamba, Dar. 2017 nyumba zimepauliwa, watu wanaishi, umeme upo, zikashushwa kwa sababu zilihesabiwa ziko ndani ya hifadhi ya barabara ya Morogoro, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara. Tanesco kukufungia mita haimaanishi mipangomiji wamekukubalia. Na wale wa mabondeni na ufukweni, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu zikae nje ya mita 60 kutoka mto, ziwa au bahari, sasa wewe unanunua kiwanja cha bei chee pembeni ya mto halafu unashangaa kwa nini ni chee!

Kuna na hii ya kwamba kibali ukishapata unaongeza ghorofa kadri hela inavyoingia. Hapana jamani. Kila unachobadilisha kinarudi mezani upya, kwa sababu msingi na nguzo zilipigiwa hesabu ya uzito ule wa kwanza. Jengo la mtaa wa Indira Gandhi, Dar, lilianguka Machi 2013 likiwa la ghorofa 16 na kuua watu 36, na moja ya mambo yaliyosemwa wakati ule ni kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa chache kuliko hizo.

Uzio je? Nao unaombewa, sio nyumba tu. Ila kupaka rangi usiende kumsumbua mtu.

Na fremu! Kiwanja cha makazi, mtu anatoboa fremu nne za maduka mbele akisema si ukuta wangu. Hapo kuna kubadili matumizi ya ardhi, ombi tofauti kabisa na kibali cha ujenzi, na linaanza hilo kwanza.