"Sisi Hapa Tunashirikiana Vizuri": Dhana Potofu Kuhusu Kupima Kazi ya Timu Hospitalini

Ukisoma ripoti za robo mwaka za hospitali zetu, hukosi mstari usemao kwamba ushirikiano baina ya watumishi ni mzuri. Ukiuliza umepimwaje, jibu ni kwamba watu wanaelewana na mganga mfawidhi mwenyewe amethibitisha. Haya tuyaangalie kwa karibu.

Dhana: Kiongozi ndiye anayeijua timu yake, muulize yeye

Muulize, ila usiishie kwake. Mwaka 2003 Eric Thomas, Bryan Sexton na Robert Helmreich walichapisha majibu ya dodoso waliyoyakusanya kwa madaktari na wauguzi wa ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, katika hospitali za eneo la Houston, Marekani. Kila upande uliulizwa unauonaje ushirikiano na mawasiliano yake na upande wa pili. Asilimia 73 ya madaktari walisema wako vizuri au vizuri sana na wauguzi. Wauguzi waliosema hivyo kuhusu madaktari walikuwa asilimia 33. Na hao ni watu wanaohudumia wagonjwa walewale!

Sasa yachanganye majibu hayo utoe wastani, kama tunavyopenda kufanya. Utapata namba ya katikati isiyomhusu mtu yeyote. Pengo lenyewe ndilo jibu, na wastani unalifuta.

Pengo hilo linatoka wapi? Wauguzi wa Houston walisema ni vigumu kutoa hoja, na wakiitoa haipokelewi vizuri. Aliyewahi kufuata raundi ya wodi asubuhi anaijua picha hiyo. Sista aliyekesha na mgonjwa anajua kwamba vidonge vya saa kumi na mbili vilitapikwa vyote. Daktari anafungua faili, anaona alama ya tiki kwamba dawa imetolewa, anaandika "endelea na dawa", wanasogea kitanda cha pili. Kwa daktari raundi imekwenda salama, hakuna aliyepinga. Kwa sista, hakuna aliyemuuliza. Ukiwapa wote wawili dodoso mchana huo, kila mmoja atajibu kwa ukweli wake.

Dhana: Fomu ikijazwa yote, timu imefanya kazi

Orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 ina vipengele 19 na vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya ngozi kukatwa, na kabla mgonjwa hajatolewa thieta. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, na Ifakara yetu ilikuwamo pamoja na London, Toronto na Manila. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Halafu jimbo la Ontario, Kanada, likaisambaza. Utafiti wa 2014 uliohusisha hospitali 101 ulikuta vifo vimetoka asilimia 0.71 hadi 0.65, tofauti ndogo ambayo ingeweza kutokea kwa bahati tu. Hospitali hizo ziliripoti kwamba orodha inatumika sana. Watafiti wamebishana kuhusu sababu. Mimi niko upande wa wanaosema tiki haipimi mazungumzo. Nimeona fomu ikijazwa kwenye korido, mgonjwa ameshapelekwa wodini, vituo vyote vitatu kwa mkono mmoja na kalamu moja. Kwenye takwimu za mwezi, fomu hiyo ni asilimia mia.

Kinachopimika ni kitendo. Je, waliokuwa wakipanga vifaa walisimamisha mikono kituo cha pili kilipofika? Je, intern aliyefika Jumatatu alitaja jina lake na kazi yake? Wenyeji wa thieta hukicheka kipengele hicho, eti tunajuana miaka yote, na wanasahau kwamba kimewekwa kwa ajili ya yule mgeni asiyethubutu kusema ameona damu inavuja. London kuna kipimo kiitwacho OTAS kinachofuata njia hii: mtazamaji aliyefunzwa anakaa ndani na kutoa alama 0 hadi 6 kwa mambo matano, yakiwemo mawasiliano, uongozi na kusaidiana. Ni kweli watu hujirekebisha wakitazamwa. Kaa siku kadhaa, watakuzoea.

Dhana: Timu nzuri ina makosa machache kwenye daftari

Mtafiti Amy Edmondson aliingia kwenye utafiti wake wa makosa ya dawa, uliochapishwa 1996, akitarajia hivyo hivyo. Akakuta kinyume: vitengo vyenye uongozi mzuri na uhusiano mzuri ndivyo vilivyoonyesha makosa mengi zaidi. Maelezo aliyofikia ni kwamba huko watu hawakuogopa kuyasema. Kwa hiyo daftari la matukio likiwa jeupe miezi sita, usikimbilie kutoa cheti cha pongezi.

Dhana: Kuelewana ndiko kushirikiana

Chai ya pamoja na grupu la WhatsApp ni vitu vizuri. Michael West, aliyechunguza watumishi wa afya wa Uingereza, huongeza maswali matatu baada ya mtu kusema "ndiyo, niko kwenye timu": Mna malengo mnayoyajua wote? Kazi yako inategemea ya mwenzako? Mnakutana kutathmini mnavyofanya kazi? Wengi waliosema ndiyo mwanzoni huangukia hapo.

Dhana: Dodoso lisilo na jina ni siri

Hili ndilo linaloharibu vipimo vingi kwetu, na halizungumzwi. Kitengo kina watu saba. Dodoso halitaki jina, lakini linataka kada, jinsia, umri na miaka kazini. Muuguzi wa kiume mwenye miaka mitano kazini yuko mmoja tu, na anayekusanya karatasi ni matroni. Unategemea ataandika nini? Ataandika "vizuri sana" kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho. Uliza kada peke yake, karatasi zikusanywe na mtu wa nje ya kitengo, na majibu ya vitengo vidogo yaunganishwe kabla hayajafika mezani kwa mkubwa yeyote.