Sindano ya OTC si kinga: maswali ya wenye watoto wa mbwa

Wiki haipiti bila kuletewa kitoto cha mbwa aliyelegea, macho yamezama, mkia umeganda mavi ya damu yenye harufu ambayo ukishaizoea unaitambua akiwa bado mlangoni. Nauliza ameanza lini. "Juzi, daktari." Ukimbana mwenyewe kidogo, juzi hiyo inakuwa siku ya nne. Na siku zote hizo mbwa hakukosa dawa: kachomwa OTC, ile antibiotiki ya sindano ya mifugo, mara mbili, kanyweshwa unga wa kapsuli za rangi mbili, kapewa na metronidazo iliyobaki ndani ya nyumba. Alichokosa ni dripu. Chanjo ndiyo hajawahi kuiona kabisa. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa huku yeye amelala mezani.

Antibiotiki inafanya kazi gani hasa?

Inaua bakteria au inawazuia wasizaliane. Basi. Haiui virusi, haitoi minyoo, haiongezi damu wala hamu ya kula. Si vitamini.

Na kinga ya mtoto wa mbwa inatoka wapi?

Kwanza inatoka kwa mama yake, karibu yote kupitia dang'a, yale maziwa ya mwanzo. Siku ya kwanza utumbo wa kichanga unaruhusu kinga hiyo ipite moja kwa moja kuingia kwenye damu. Ikishapita kama saa 24, mlango umefungwa. Kwa hiyo aliyezaliwa usiku akasukumwa na wenzake asinyonye, ameanza maisha na deni.

Kinga ya mama haidumu. Inashuka polepole, kwa wengi kati ya wiki ya 6 na ya 16, na hakuna anayeweza kumtazama mbwa kwa macho akajua ya kwake imeisha lini. Ikiwa bado iko juu, inaizima chanjo unayochoma. Ikishaisha na chanjo haijashika, mtoto yuko uchi. Hii ndiyo sababu chanjo inarudiwa: unaanza akiwa na wiki 6 hadi 8, unarudia kila baada ya wiki 2 hadi 4, mpaka ile ya mwisho aipate akiwa ametimiza wiki 16 au zaidi. Sio kwamba daktari anatafuta hela ya pili. Mtu akiniambia "huyu alichanjwa" na kadi inaonyesha chanjo moja ya wiki ya 6, namhesabu kama hajachanjwa.

Muuzaji kaniambia nikifika nyumbani nimchome OTC ili kumkinga. Ni sawa?

Hapana. Hili ningeliandika ukutani kwa rangi nyekundu. OTC ni oksitetrasaiklini, antibiotiki. Haikingi parvo, kirusi kinacholeta kutapika na kuharisha damu, haikingi distempa, ugonjwa mwingine wa kirusi, haikingi kichaa cha mbwa. Chanjo inaufundisha mwili kumjua adui. Antibiotiki haifundishi chochote, inakaa siku zake chache mwilini na kuondoka. Wewe ukabaki na amani ya moyo, mbwa akabaki vilevile.

Kusema kweli habaki vilevile. Oksitetrasaiklini inajishika kwenye meno na mifupa inayokua. Meno yanaota ya manjano au kahawia na hayasafishiki maisha yote. Ile ya asilimia 20 imetengenezewa ng'ombe, na ukimchoma mtoto wa kilo tatu kwenye paja kwa bomba lako la kuku, utamletea uvimbe na kuchechemea. Na tumboni mwake walikuwemo bakteria wema ambao utumbo unawategemea ili kujenga kinga yake yenyewe. Umewafagia pamoja na wabaya, kama walikuwepo wabaya.

Kuna na neno "ameshachomwa". Hapa kwetu kila kinachoingia kwa sindano kinaitwa chanjo. Usiridhike na neno hilo. Omba kadi yenye tarehe na stika iliyobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo. Hakuna stika, hakuna chanjo.

Anatapika na kuharisha. Si nianze na antibiotiki nione kwa siku mbili?

Hapana. Siku mbili hizo ndizo zinazoua.

Kwa mtoto wa mbwa asiyekamilisha chanjo, kutapika pamoja na kuharisha ni parvo mpaka daktari aseme vinginevyo. Parvo ni kirusi. Kwa mbwa kilitambuliwa mwaka 1978, na tangu hapo haijapatikana antibiotiki inayokigusa. Narudia: haikigusi. Iwe ya ng'ombe, ya kuku au ya binadamu, ya bei ndogo au ya bei kubwa, ya maji au ya vidonge. Haikigusi.

Kinachofanywa na kirusi hiki ni kushambulia chembe zinazozaliana kwa kasi. Kwa mtoto anayekua, chembe hizo ziko kwenye ukuta wa utumbo na kwenye uboho wa mifupa, kiwanda cha chembe nyeupe za damu. Ukuta unabomoka na askari wanaisha kwa wakati mmoja. Maji yanamtoka juu na chini. Damu yote ya mbwa wa kilo 3 haijai chupa moja ya soda. Sasa jihesabie mwenyewe yale matapishi na mavi uliyopiga deki tangu alfajiri. Mbwa wa parvo asiyetibiwa kwa kawaida anakufa. Aliyewahishwa dripu, wengi wanapona. Tofauti yao mara nyingi ni siku moja, ile ambayo wewe ulikuwa unatazamia OTC ifanye kazi.

Mbona mbwa wa jirani alipona kwa OTC hiyohiyo?

Pengine alikula tu mabaki ya dagaa. Kuharisha kwa namna hiyo mara nyingi kunakoma kwenyewe baada ya siku chache, na aliyechomwa maji ya bomba angesifia maji ya bomba.

Lakini daktari, hata wewe umemchoma antibiotiki!

Swali zuri, na naulizwa kwa sauti ya mtu aliyenikamata. Nimemchoma, ndiyo. Utumbo uliobomoka unaacha bakteria wa tumboni wavuke kuingia kwenye damu, na chembe nyeupe za kuwazuia hazipo. Nawazuia hao. Kirusi sijakigusa, kirusi kitashindwa na mwili wa mbwa wenyewe, mimi kazi yangu ni kumweka hai mpaka mwili ufike hapo. Na angalia mpangilio: nimeanza na dripu, nikampa dawa ya kuzuia kutapika, nikampasha joto, nikapima uzito kwa ajili ya kipimo. Wewe ulichukua kitu kimoja tu katika hivyo vyote, ukakifanya ndiyo tiba.

Dawa za binadamu zilizobaki kabatini?

Ziache. Siprofloksasini na ndugu zake zinaharibu gegedu za viungo vya mbwa anayekua. Jentamisini kwa mbwa aliyekaukiwa maji inaua figo. Panadol, ibuprofeni na diklofenaki ni sumu kwake, na nimeshaona mtoto aliyekuja na parvo akafa kwa diklofenaki.

Kwa hiyo antibiotiki ni mbaya siku zote?

Sijasema hivyo. Kuna homa ya kupe inayoletwa na bakteria aitwaye ehrlichia, na hiyo doksisaiklini inaitibu vizuri sana, kwa kawaida siku 28. Hapo sasa tatizo linageuka: mbwa akianza kula siku ya tatu, mwenyewe anafunga pakiti anaiweka juu ya kabati kwa ajili ya "siku nyingine". Bakteria waliobaki wamejifunza dawa. Ndio usugu huo, na bakteria wa ngozi ya mbwa hawajui mpaka kati yake na mtoto wako anayemlalia ubavuni. Vipimo vinatangulia, dawa inafuata, na ikiandikwa siku 28 ni 28.

Nifanye nini tangu anapoanza kuharisha mpaka nifike kwako?

Toka nyumbani siku hiyohiyo. Bonyeza ufizi wake kwa kidole ukiachie: rangi ya waridi inatakiwa irudi ndani ya sekunde mbili, ikichelewa, au ufizi ni mweupe, hiyo ni dharura. Mfunge kwenye khanga awe na joto. Akiwa amelegea sana, mpake sukari kidogo au asali kwenye fizi. Usimnyweshe maziwa wala uji kwa nguvu mdomoni, utamjaza mapafu. Akifika kliniki usimweke sakafuni. Mbakize mikononi au kwenye boksi, maana wapo watoto wengine wa mbwa pale wamekuja kwa chanjo.

Na uje na chupa ya kila ulichompa. Sitakugombeza sana. Nataka kujua figo zake zimeshapitia nini.

Amekufa. Nimlete mwingine lini?

Sio wiki ijayo. Kirusi cha parvo kinakaa kwenye udongo kwa miezi mingi, hata mwaka. Sakafu ya saruji, ioshe kwa sabuni kwanza, halafu mwagia jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa 30 za maji, iache dakika kumi. Kwenye udongo jiki haifanyi kazi ya maana, inamezwa na uchafu; hapo unategemea jua na muda. Banda la mbao lililolowa mavi lichome. Na huyo mpya aingie uani akiwa amemaliza chanjo zake zote, hata kama watoto wanalia kila jioni kwamba wanataka papi.