Je, wajua kwa nini seva huiona diski moja mara nne?

Umetenga LUN moja (diski pepe) ya gigabaiti 500 kwenye mtambo wa kuhifadhi data, ukaipa seva ya Linux, kisha ukachapa lsblk, amri ya kuorodhesha diski. Zinatokea diski nne: sdb, sdc, sdd na sde, zote za ukubwa uleule. Hukupata terabaiti 2. Diski ni ileile moja. Zilizo nne ni njia za kuifikia.

Kadi ya HBA, inayoiunganisha seva na mtandao wa hifadhi, mara nyingi huwa na poti mbili. Moja huchomekwa kwenye swichi ya mtandao A, nyingine kwenye swichi ya mtandao B, na swichi hizo haziunganishwi kabisa ili kosa la upande mmoja lisivuke kwenda wa pili. Mtambo nao una kontrola mbili, kila moja ikiwa na poti upande wa A na upande wa B. Poti mbili za seva, kila moja ikiona kontrola mbili: njia nne. Kwa kernel, yaani kiini cha Linux, kila anwani ni kifaa chake, kwa hiyo huipa kila njia jina la diski.

Ukiziuliza zote nne kwa amri ya scsi_id, zinajibu kitambulisho kimoja, herufi kwa herufi. Hicho ndicho maltipathi, programu ya Linux ya kusimamia njia nyingi, hukitumia kuzikusanya kuwa kifaa kimoja, kwa mfano /dev/mapper/mpatha, na juu ya hicho ndipo unapoweka mfumo wa faili. Ukimaunti sdb yenyewe wakati maltipathi haijawashwa, itafanya kazi vizuri hadi siku kebo ya njia hiyo itakapokatika. Hapo mfumo wa faili utatoa makosa huku njia tatu nyingine zikiwa nzima.

Chapa multipath -ll. Kwenye mtambo wa ALUA, yaani unaoijulisha seva njia zipi ni bora, kwa kawaida utaona makundi mawili ya kipaumbele (prio): prio=50 ni njia za kontrola inayomiliki LUN, prio=10 ni za mwenzake. Kila njia isomeke active ready running.

Ukiona mbili badala ya nne, anza na zoni, yaani kanuni za swichi zinazosema poti ipi iione ipi. Zoni moja ibebe poti moja tu ya seva pamoja na poti za mtambo za upande huo. WWPN, anwani ya kipekee ya poti, ina tarakimu 16 za heksadesimali, na kukosea moja kunatosha kuua njia, kwa hiyo inakili kutoka /sys/class/fc_host, usiiandike kwa mkono. Kwenye swichi za Brocade, cfgsave huhifadhi tu. Zoni haianzi kufanya kazi hadi uchape cfgenable.

Kosa baya zaidi ni lile lisiloonekana. Kebo zote mbili zikiingia swichi moja na zoni zikaruhusu, bado utahesabu njia nne, na swichi hiyo ikizima, zote zinakatika. Kwa hiyo ulizia kila swichi inaona WWPN zipi: ya poti ya kwanza ionekane A pekee, ya pili B pekee.

Amua pia kitakachotokea njia zote zikikatika. Kwenye mipangilio ya maltipathi, no_path_retry ikiwa queue, programu husubiri bila kikomo na huwezi hata kuziua. Ikiwa fail, hupata makosa papo hapo. Ukiweka 12 na ukaguzi wa njia ukawa wa kila sekunde 5, zitasubiri takriban dakika moja. Kwa hifadhidata, namba yenye kikomo ndiyo salama.

Kuondoa LUN kuna mpangilio wake: umount, multipath -f, futa kila njia kwa kuandika 1 kwenye /sys/block/sdb/device/delete na wenzake, ndipo uiondoe kwenye mtambo. Ukianzia mwisho, namba ile ya LUN inaweza kupewa diski nyingine huku seva ikiwa bado na sdb ya zamani, na maandishi yakaangukia data isiyohusika.