Je, wajua kwa nini Goodreads hukudai nyota za vitabu 20 kwanza?

Ukijiunga na Goodreads, tovuti ya wasomaji iliyofunguliwa Marekani mwaka 2007, utaona haina haraka ya kukuchagulia vitabu. Inataka kwanza uvipe nyota, kuanzia moja hadi tano, vitabu visivyopungua 20 ulivyokwisha kuvisoma. Wengi huishia hapo. Nani ana subira ya kukumbuka alichosoma kidato cha pili?

Lakini dai hilo lina sababu. Katika mbinu ya msingi ya mapendekezo ya aina hii, kompyuta haijui kitabu kinasema nini. Inachojua ni nani alikipa nyota ngapi. Ikimpata msomaji aliyevipenda vitabu ulivyovipenda wewe na kuchoshwa na vilevile vilivyokuchosha, inatazama alichokifurahia ambacho wewe hujakisoma, inakuletea. Sasa kama umetoa nyota kwa vitabu vitatu tu, tena vile vinavyosomwa na kila mtu, unafanana na mamilioni ya watu, na kufanana huko hakuiambii kompyuta chochote.

Kwa hiyo nyota zako zinakueleza wewe kuliko zinavyokieleza kitabu. Hapo ndipo watumiaji wengi wanapopotea, maana tumezoea kuzisoma nyota kama alama za mtihani.

Tuseme kuna Asha na Juma. Asha ni mkarimu: karibu kila kitabu anakipa tano, kikimchosha anakipa nne. Juma ni bahili, tatu kwake ni sifa tosha. Nyota nne za Asha ni lalamiko. Nne za Juma ni shangwe. Programu iliyotengenezwa vizuri hulitambua hilo kwa kupunguza wastani wa kila msomaji katika nyota zake. Wastani wa Asha ukiwa 4.8, nyota zake nne zinakuwa pungufu ya 0.8. Wa Juma ukiwa 2.5, nne zake zinazidi kwa 1.5. Kinacholinganishwa ni hicho kinachobaki. Na msomaji anayetoa tano kwa kila kitabu? Kwake hakibaki kitu. Kwa hesabu hii ni kama hajasema neno. Nyota moja unayoona haya kuitoa ina faida kubwa kwako.

Maelezo ya nyota zenyewe nayo huchanganya. Goodreads, nyota mbili maana yake kitabu si kibaya, na tatu maana yake umekipenda. Aliyekulia kwenye shule zetu akiona mbili juu ya tano anajua mtu kafeli.

Kulinganisha watu kwa namna hii kulijulikana sana mwaka 1994 kupitia mradi wa GroupLens, uliowachagulia watu makala za kusoma kwenye Usenet, mtandao wa mijadala wa zama hizo. Amazon, iliyoanza kuuza vitabu 1995, ilikuwa na wateja wengi mno kwa hesabu hiyo, ikaigeuza: badala ya kufananisha mtu na mtu, ikafananisha kitabu na kitabu. Walionunua hiki, wamenunua na kile. Hesabu hufanywa mapema, mteja hasubiri. Mwaka 2013 Amazon iliinunua Goodreads yenyewe.

Wastani unaoandikwa chini ya jina la kitabu ndio ninaouamini kidogo kuliko vyote. Watafiti Balázs Kovács na Amanda Sharkey walionyesha mwaka 2014 kwamba vitabu vikishinda tuzo kubwa, nyota zake Goodreads hushuka kuliko za vile vilivyoingia fainali bila kushinda. Kitabu ni kilekile, ila tuzo huwavuta wasomaji ambao si walaji wa chakula hicho.

Vitabu vya Kiswahili vina taabu yao. Kitabu kinaweza kupita mikono mingi darasani na mtaani bila msomaji hata mmoja kukipa nyota mtandaoni, na kisicho na nyota hakina wa kufananishwa naye. Tafsiri nazo huhesabiwa pamoja na matoleo mengine yote ya kitabu hicho. Ukikuta tafsiri ya Kiswahili ina nyota 4.1 kutoka kwa maelfu ya watu, huenda karibu wote hawajasoma hata mstari mmoja wa Kiswahili hicho.