Je, wajua kwa nini mtoto wa Lamu anaijua Ratibu Haddadi bila kufundishwa?

Ukikaa na familia za masharifu Lamu, au Mombasa Mji wa Kale, Unguja, hata Ngazija kule Komoro, baada ya isha utasikia kitu kinaitwa Ratibu Haddadi, uradi (dhikri na dua za kusomwa kila usiku) wa kama robo saa hivi, mzee anaanza na walio kwenye mkeka wanaitikia. Sasa muulize kijana yeyote pale nani kamfundisha, atakwambia hakuna, kaikuta tu kichwani. Inakuwaje?

Kwanza imetungwa hivyo kusudi. Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, Hadhramaut kule Yemen, alipofuka kwa ndui tangu mdogo, elimu yake kubwa ilipitia masikioni, na alipoombwa uradi wa watu wa kawaida mwaka 1071 Hijria (kama 1661) akachukua Fatiha, Ayatul Kursi, aya za mwisho za Baqara, halafu vifungu vifupi vya dhikri na dua, vingi vinarudiwa mara tatu. Mara tatu kila usiku, piga hesabu mwenyewe mpaka mtoto afike miaka saba! Na mtoto hasubiri kufunzwa, anaingia anapopaweza, anaanza kudakia "la ilaha illallah" kwa sauti kubwa kuliko wote, mwaka mwingine ashaongeza kifungu, akisinzia anaachwa alale hapohapo, kesho ipo.

Ila mimi naona siri iko mwishoni. Dhikri zikiisha zinasomwa Fatiha, ya Mtume, ya Faqihi Muqaddam aliyeasisi tarika ya masharifu hawa, yaani njia yao ya kisufi, ya mtunzi mwenyewe, halafu nyumba inawarehemu wazee wake kwa majina, fulani bin fulani, bibi fulani. Kwa hiyo mtoto anakua akisikia mababu asiowahi kuwaona wakitajwa kama watu wa humo ndani, na anajua baba akiondoka atakayemtaja ni yeye. Hapo kuiacha ni kazi.

Mwezi wa Ramadhani ratibu inasogezwa kabla ya isha ili tarawehe isichelewe. Na familia ikitawanyika, mmoja Jeddah mwingine London, inasomwa kwa simu, vurugu tupu, sauti zinapishana, maana mtandao hauitikii kwa pamoja.

Wapo wanaoiita bidaa na ubishi huo hauishi leo wala kesho, lakini aliyelelewa nayo hata akiwa mbishi kiasi gani, we mwanzishie tu uone, anaitikia mpaka mwisho halafu ndo anakumbuka kubisha.