Eabegi ya mtumba: ipi inafaa kununuliwa na ipi ni hatari

Altaneta ya mtumba inafungwa, fundi anapima chaji, na isipofaa inarudi dukani siku hiyohiyo. Eabegi, mfuko unaojaa gesi kukukinga wakati wa ajali, haina jaribio la namna hiyo. Hufanya kazi mara moja tu, ndani ya milisekunde 30 hivi, na wakati huo kifua na uso wako viko mbele yake. Ndiyo maana mnunuzi anapaswa kuchunguza historia yake kuliko sura yake.

Nyuma ya kava la usukani kuna mfuko wa nailoni uliokunjwa na inflata, yaani chupa ya chuma yenye kemikali zinazowaka kwa kasi na kutoa gesi. Mfuko wenyewe hauna matatizo mengi. Inflata ndiyo yenye hatari, na haifunguliwi ikakaguliwa.

Uhalali wa biashara hii unategemea nchi. Japani, ambako sehemu kubwa ya magari yetu hutoka, ina sheria ya kuchakata magari iliyoanza kutumika mwaka 2005. Sheria hiyo inaitaja eabegi kuwa moja ya vitu vitatu ambavyo watengenezaji wa magari wanawajibika kuvipokea: gari likivunjwa, eabegi ikusanywe kwa utaratibu maalumu au ilipuliwe ndani ya gari. Kwa hiyo eabegi inayouzwa peke yake kama “ya Japani” ina swali la kujibu: imetoka kwenye gari gani, na kwa njia ipi? Umoja wa Ulaya nao unataka eabegi za magari yaliyokwisha muda ziondolewe au zizimwe nguvu, na kanuni zake za mwaka 2005 zimeiweka eabegi kati ya spea zisizoruhusiwa kutumika tena katika kuunda gari jipya. Marekani ina njia tofauti: sheria ya shirikisho haikatazi kwa jumla kuuza eabegi halisi ya mtumba ambayo haijalipuka, lakini inakataza kuuza ile iliyo kwenye orodha ya urejeshaji, yaani iliyoitwa irudishwe kwa sababu ya kasoro. Feki ni kosa huku kwetu pia; Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008, na Tanzania kazi hiyo iko chini ya Tume ya Ushindani.

Urejeshaji ndio jambo ambalo wauza spea wengi hawaligusi. Kampuni ya Takata, mtengenezaji wa eabegi wa Japani, ilitumia amonia naitreti kwenye inflata zake, na nyingi hazikuwa na kikausha unyevu. Joto na unyevu vikipishana mchana na usiku kwa miaka, vidonge vya kemikali hiyo hupasukapasuka ndani kwa ndani. Siku ya ajali huwaka kwa kasi kupita kiasi, chupa hupasuka, na vipande vya chuma hupenya mfuko na kumpata dereva shingoni au usoni. Honda ilianza kurejesha magari yenye inflata hizo mwaka 2008. Marekani peke yake inflata zilizorejeshwa zimefikia milioni 67 hivi, na Takata ikafilisika Juni 2017. Maeneo yaliyopewa kipaumbele Marekani ni yale ya joto na unyevu kama Florida na Hawaii. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar zina hali ya hewa ya aina hiyohiyo.

Sasa fikiria Corolla, X-Trail au Fit ya miaka ya 2000 iliyobadilishiwa inflata Japani kabla ya kusafirishwa. Inapata ajali hapa, fundi ananunua eabegi kutoka gari lingine la umri uleule ambalo halikurekebishwa, anaifunga. Gari lililokuwa salama limerudishiwa bomu.

Kabla ya kulipa, dai namba ya chesisi ya gari ilikotoka eabegi hiyo. Magari ya soko la Japani hayana namba ya herufi na tarakimu 17, hivyo tovuti ya Marekani ya kukagua urejeshaji haitakusaidia. Ingiza namba hiyo kwenye ukurasa wa urejeshaji wa mtengenezaji wa Japani, na simu itakutafsiria. Hakuna namba ya chesisi, usinunue. Kisha linganisha namba ya spea iliyo kwenye lebo ya nyuma na ile ya eabegi yako ya zamani, herufi kwa herufi, kwa sababu umbo linaweza kufanana huku hatua za ulipukaji zikitofautiana. Kataa yenye kutu kwenye chupa, matope kwenye plagi (dalili ya mafuriko), au kava lililogundishwa. Eabegi mpya za bei ya kutupa pia ziogope: Julai 2024 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilionya kuhusu inflata duni zilizofungwa kwenye magari yaliyowahi kupata ajali, baada ya watu watatu kufa.

Kwenye kufunga, toa terminali hasi ya betri na usubiri. Toyota inataka angalau sekunde 90, Honda dakika tatu, kwa kuwa kompyuta ya eabegi huhifadhi umeme. Usipime inflata kwa multimita, mkondo wake unaweza kuiwasha. Ibebe kava likitazama mbali na mwili wako, na uilaze kava likiwa juu bila kitu juu yake. Ikiwa gari lililipua eabegi, kompyuta yake na mikanda yenye vivutaji vya baruti (vinavyoukaza mkanda wakati wa ajali) navyo vikaguliwe. Mafundi wengi huishia kwenye usukani.

Kuna udanganyifu mmoja unaonikera sana: kuchomeka rezista (kipande kidogo cha kuzuia umeme) ya omu 2 hivi mahali pa eabegi. Kompyuta inaamini eabegi ipo, taa inazimika, mnunuzi wa gari hana habari. Mashine ya kusoma gari mara nyingi nayo hudanganyika, hivyo fungua kava uone kwa macho. Taa ya eabegi inapaswa kuwaka ukiwasha swichi, kisha izime baada ya sekunde sita hivi. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameichezea.

Kama eabegi inayofaa haipatikani au pesa haitoshi, acha taa iwake. Huenda mfumo mzima usifanye kazi, na mwenye gari anapaswa kulijua hilo. Andika kwenye risiti ni eabegi zipi hazipo, dereva au abiria, na umwombe asaini.